Nyota za hoteli na kambamiti wa delta: barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Umwe, Ikwiriri, juu ya jambo ambalo ukilisikia utadhani halituhusu sisi wa Rufiji: migahawa ya wapishi mashuhuri ndani ya hoteli za kifahari. Duniani mtindo huo umeshazoeleka. Mwaka 2001 Gordon Ramsay wa Uingereza alifungua mgahawa wake wa kwanza ng'ambo katika hoteli ya Hilton, Dubai Creek. Mwaka 2019 Mwitaliano Massimo Bottura akafungua wake katika hoteli ya W, hukohuko Dubai. Dar es Salaam nayo inajiandaa kwa wageni wa Kombe la Mataifa ya Afrika lililopangwa kufanyika 2027 kwa uenyeji wa Tanzania, Kenya na Uganda, na hoteli zake zinagombea wateja walewale. Sitashangaa nikisikia jina kubwa limetundikwa juu ya mlango wa mgahawa wa hoteli jijini. Aje, apike, apate faida yake. Ombi langu ni kwamba nyota ambazo wizara yako inazipa hoteli zitegemee pia hoteli hizo zinanunua wapi chakula chao, na kama zinamwambia mgeni kimetoka wapi.

Wapo watakaosema barua hii ilipaswa kwenda kwa mwenzako wa Mifugo na Uvuvi. Hapana, anwani ni sahihi. Wizara yako ndiyo inayopanga hoteli katika madaraja ya nyota kwa vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wizara hiyohiyo, kupitia Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ndiyo inayoshika mikoko ya delta ya Rufiji, msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki, wenye hekta zipatazo 53,000. Kambamiti hutaga baharini, watoto wao wakaingia vijitoni na kukulia katikati ya mizizi ya mikoko, kisha wakirudi baharini wakiwa wakubwa ndipo nyavu zinawasubiri. Kaa wanaouzwa wakiwa hai wanatoka kwenye tope hilohilo. Kwa hiyo anayeulinda msitu na anayeipa hoteli nyota ni ofisi moja, na sijaona ofisi hiyo ikiyakutanisha majukumu yake mawili mezani.

Msitu huo hauna uhakika wa kesho. Mwaka 1997 serikali iliukubali mradi wa African Fishing Company wa kufuga kambamiti katika eneo la delta la takriban hekta 10,000, ingawa Baraza la Mazingira, NEMC, lilikuwa limeshauri vinginevyo. Wanavijiji walikwenda mahakamani, na mwishowe mradi haukujengwa. Nalikumbusha tukio hilo kwa sababu moja: mradi ule uliitaka mali ya delta bila kuwahitaji watu wa delta. Mwaka 2004 eneo zima la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, heshima kubwa kwenye karatasi. Na tangu Desemba 2022, Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa, mtambo wa megawati 2,115 una sauti juu ya kiasi cha maji baridi yanayofika kwenye mikoko na kwenye mashamba yetu ya mlau, yale tunayolima maji ya mafuriko yanapopungua. Umeme tunauhitaji, hilo halina ubishi. Lakini siku maji ya mto yatakapogawanywa, mwenye hesabu ndefu ndiye atakayesikilizwa, na hesabu ya delta ni fupi kwa sababu mali yake ikishavuka mji wa Kibiti inapoteza jina. Kilomita kama 140 baadaye, Dar es Salaam, ni kambamiti tu.

Thamani ya jina anaijua vizuri Bottura mwenyewe. Tetemeko la ardhi lilipopiga mkoa wa Emilia mwaka 2012, magurudumu ya jibini la Parmigiano-Reggiano yaliharibika kwa mamia ya maelfu maghalani. Alichofanya ni kutunga pishi la wali wa risotto lenye jibini hilo, likapikwa na watu wa nchi nyingi, na jibini likanunuliwa. Umaarufu wake ulisaidia, lakini ulikuta kazi imeshafanywa: jibini lilikuwa na jina linalolindwa kisheria na chama cha wazalishaji kilichojua kila gurudumu limetoka kiwanda gani. Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilizama, mpunga na mahindi yakafunikwa na maji. Mpishi gani wa hoteli angeweza kutunga pishi la kuuokoa mpunga wa Rufiji, wakati hakuna mahali jikoni kwake palipoandikwa kwamba mchele ule ni wa Rufiji? Hata hapa nyumbani tuna mfano. Mchele wa Kyela ukifika sokoni Dar hauhitaji kuelezwa, na wapo wachuuzi wanaolibandika jina hilo kwenye mchele wa kwingine. Jina lisilo na faida haliibiwi.

Najua jibu la kwanza la wenye hoteli: mpishi anataka mzigo wa uhakika, wa kiwango kimoja, uliokaa kwenye barafu tangu ulipovuliwa, na delta haina barafu. Ni kweli kwa sehemu. Kutoka visiwa vya ndani ya delta hadi bandari ya Nyamisati ni safari ya maji inayosubiri kujaa na kupwa, na kambamiti hawangoji. Lakini pweza wa Mafia na Kilwa amekuwa akisindikwa na kusafirishwa Ulaya, ambako wakaguzi si watu wa mzaha. Barafu ilifuata mnunuzi mwenye mkataba. Mvuvi anayeuza kwa bei ya dalali ya asubuhi hiyo hawezi kukopa fedha za jokofu, ilhali kikundi chenye barua ya ununuzi ya mwaka mzima kutoka hoteli ya nyota tano kina cha kumwonyesha mkopeshaji.

Jibu la pili ni la soko huria: hoteli ni mali ya mtu, anunue anakotaka. Anunue. Ila nyota si mali yake, ni cheti cha serikali, na misamaha ya kodi anayopewa mwekezaji nayo inatoka kwetu sote. Sheria ya Petroli ya 2015 inawadai wenye gesi watumie bidhaa na huduma za Watanzania, na kanuni za madini za 2018 zinawadai hivyohivyo wenye migodi. Kama kampuni inayochimba gesi baharini inaweza kuandika mpango wa manunuzi ya ndani, meneja wa jiko hawezi kushindwa kuandika wa samaki na mchele. Hoteli zinazodai kwamba tayari zinanunua Rufiji ndizo zitakazopata kazi rahisi kuliko zote: gharama yao ni mstari mmoja kwenye menyu.

Hoja inayonipa taabu ni nyingine. Sifa ikipanda, bei itapanda, na bei ikipanda matundu ya nyavu yatakuwa madogo, kaa watabebwa na mayai yao, na mikoko itakatwa. Tumeshaona: serikali iliwahi kuzisimamisha meli za kukokota nyavu za kambamiti baada ya mavuno kushuka. Sidharau hatari hiyo, na ndiyo maana sipendekezi matangazo. Napendekeza rekodi. Mzigo unaosafiri na karatasi ya BMU, yaani kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi wa ufukwe wao, yenye jina la kijiji, tarehe na kipimo, unaweza kukataliwa mlangoni kwa hoteli, lakini mzigo usio na asili haukataliki kwa sababu hakuna wa kuulizwa. Isitoshe, TFS imezozana kwa miaka na wakulima wa mpunga ndani ya mikoko, na marufuku peke yake haikuumaliza mzozo huo. Mtu anayelipwa vizuri kwa kaa ana sababu yake mwenyewe ya kuuacha mkoko usimame.

Basi, Mheshimiwa, wakaguzi wako wakianza mzunguko ujao wa kupanga hoteli za Dar es Salaam, waagize waombe vitu viwili zaidi jikoni: mkataba wa ununuzi na kikundi cha wazalishaji wa Kitanzania, na menyu inayotaja asili ya chakula. Waanze na hoteli za nyota tano, kisha matokeo yatangazwe hoteli kwa hoteli. Halmashauri za Rufiji na Kibiti ziitwe kuandaa vikundi vitakavyouza, kwa sababu bila vikundi hivyo agizo litanufaisha madalali walewale. Hilo halihitaji bajeti mpya wala kumsubiri mpishi wa ng'ambo, na mamlaka ya kuliagiza unayo.

Mkazi wa Umwe, Rufiji