Pipa la Mwaloni Haliondoi Sumu

Jumapili iliyopita, watu walipokuwa wakitoka kanisani, mzee mmoja alinivuta kando chini ya mwembe. Kijana wake amerudi kutoka Tanga, naye amemweleza kwamba huko Meksiko na Marekani wako watu wanaonunua pombe kali iitwayo tequila, wakaitia katika pipa dogo la mbao nyumbani, ikatoka laini na yenye harufu nzuri. “Sasa, Mwalimu,” akanena kwa sauti ya chini, “na gongo yetu je? Ikilala katika pipa haitatakata?” Nilimjibu kwa kifupi, maana hesabu za sadaka zilikuwa zikiningoja. Leo namjibu vizuri, pamoja nanyi mnaotaka kuuliza lakini mwaona haya.

Tequila hutoka katika mmea ulio ndugu wa mkonge wetu. Na huu wetu pia asili yake ni Meksiko: mwaka 1893 Mdachi mmoja, Dr. Richard Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida, na 62 tu ndiyo iliyofika Tanga ikiwa hai. Ila sisi twakata majani tupate katani. Wao huyatupa majani, wakachukua kiini kilicho kama nanasi kubwa, wakakioka, wakakikamua, na maji yake wakayachachusha na kuyakeneka. Kitokacho ni cheupe kama maji.

Pipa huja baadaye. Mbao zake ni za mwaloni, jamaa ya miti ile ya Mamre alipokaa Ibrahimu. Ndani huchomwa kwa moto, na moto huo huamsha katika mbao harufu ya vanila na ya sukari iliyoungua. Mbao hutoa pia rangi, na ukakasi kidogo kama wa chai iliyokolea. Hewa nayo hupenya polepole na kupunguza ukali. Kwa sheria ya Meksiko, tequila iitwayo reposado hukaa katika mwaloni si chini ya miezi 2. Iitwayo añejo, si chini ya mwaka 1.

Pipa la nyumbani lina mambo yake. Chukua kalamu, tupige hesabu. Pipa la kiwandani aghalabu ni la lita 200. La nyumbani tuseme la lita 2, lenye umbo lile lile. Kila lita katika lile dogo hugusa ubao karibu mara 4 na nusu kuliko katika lile kubwa. Ndiyo maana rangi huingia kwa wiki chache tu. Lakini ni kazi ya ubao iliyoharakishwa. Ile ya hewa yataka siku zake. Mwenye pipa akisahau, atakunywa maji ya mbao. Wanaojua hulijaza maji kwanza kwa siku kadhaa ili mbao zivimbe lisivuje, kisha huonja kila wiki, na ladha ikipendeza huimimina katika chupa, maana katika kioo ubao hauna kazi tena. Sehemu nyingine hupotea kwa mvuke. Watengenezaji huiita fungu la malaika. Mimi nikiandika hasara ya namna hiyo katika daftari ya parokia, sijui Padre atasemaje.

Basi, tuje kwa gongo. Mtu wa Meksiko huanza na chupa halali iliyopimwa. Gongo haikupimwa na mtu, na kuikeneka pasipo leseni ni kosa. Yaweza kuwa na methanoli, ambayo haina rangi, na kwa pua huwezi kuitenga na pombe ya kawaida. Mwaloni hauiondoi hata ikilala miaka 10. Tena pipa laweza kuzidisha hatari, kwa sababu mnywaji akiona rangi ya asali na kunusa vanila huondoa hofu. Hata Meksiko kwenyewe sheria inaruhusu kutia kidogo rangi ya sukari iliyounguzwa, kwa hiyo rangi si shahidi.

Methanoli ikiingia mwilini hugeuka sumu inayoharibu mishipa ya macho. Dalili zaweza kuchelewa hata siku nzima: kichwa, kutapika, kuona kama kuna ukungu. Mwenye hali hiyo apelekwe hospitali upesi. Asiachwe alale eti ulevi utamtoka. Hapo ndipo wengi hupofuka au kufa.

Mzee nilimsomea maneno haya kabla sijayatuma kwa mhariri. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama pipa lenyewe, likipatikana, lafaa kuwekea siki ya ndizi. Lafaa sana.