Kabla Hujalaumu Filingi, Uliza Jino Lilisafishwa Vipi

Wasee wa Kimana, leo ni meno. Sio mswaki, sio dawa ya kupiga meno iwe nyeupe. Naongea juu ya zile dakika chache kabla daktari aweke filingi au krauni. Hapo ndipo pesa yako inaokolewa ama inapotea, na ni kama hakuna mtu huangalia.

Stori ya mtaani unaijua: "Nilizibwa jino, wiki mbili haijaisha, ikatoka na ugali." Kisha lawama zote zinaenda kwa dawa. Ati ilikuwa feki, ati hizo nyeupe hazidumu. Inawezekana. Lakini dawa nzuri ikiwekwa juu ya jino chafu itatoka tu.

Mwangalie fundi wa pancha pale steji. Kabla abandike kiraka, anasugua tyubu na msasa, anapangusa vumbi, anapaka solusheni, anangoja kidogo. Jaribu kugusa hapo na kidole chenye oili uone vile atakukaripia. Ataanza kusugua upya. Hana haja ya digrii kujua kiraka hakishiki uchafu. Sasa kama tyubu ya pikipiki inapewa hiyo heshima, jino lako je?

Jino nalo liko hivyo hivyo. Mashine ikishachimba sehemu iliyooza, inaacha utando mwembamba wa unga wa jino na bakteria. Huwezi kuuona kwa macho. Filingi nyeupe haijishikilii yenyewe, inashikwa na gundi, na gundi inataka kukutana na jino, sio tope. Ndio daktari anapaka asidi ya fosforiki, kawaida ya asilimia 37 hivi. Kwa enameli, ile sehemu ngumu ya nje, inakaa sekunde 15 hadi 30, halafu inaoshwa na maji. Inaacha vishimo vidogo sana, gundi inaingia humo na kung'ang'ania. Hii si mambo ya jana. Michael Buonocore alichapisha wazo la asidi kule Marekani mwaka wa 1955.

Baada ya kuosha, adui ni mate. Yakigusa hapo tu, yanafunika vishimo, na kazi inafaa kurudiwa. Kwa hivyo ile pamba unajaziwa mdomoni na ule mrija wa kunyonya mate si mapambo. Usikasirike ukiambiwa usifunge mdomo.

Zile filingi za zamani za rangi ya fedha zilikuwa zinasamehe kidogo, kwa sababu zilishikiliwa na umbo la shimo. Lakini zina zebaki, na tangu Mkataba wa Minamata wa 2013 dunia inaziacha polepole. Tunahamia kwa gundi, na gundi haisamehi.

Krauni je? Ukingoja ile ya kudumu itoke maabara, unawekewa ya muda kwa simenti hafifu. Baadhi ya hizo simenti zina mafuta ya karafuu, ndio ile harufu ya kliniki. Yanatuliza maumivu, lakini mabaki yake yanaweza kufanya gundi ya kudumu isikauke vizuri. Lazima jino lisuguliwe hadi liwe safi. Na ndani ya krauni pia, kwa sababu ikijaribishwa mdomoni inapata mate.

Sasa kwa nini nawasumbua nyinyi wa Kajiado? Maji, buda. Sehemu nyingi za kaunti yetu tunakunywa maji ya visima yaliyopita kwenye miamba ya volkano, na floraidi huko chini inaweza kupita kiwango cha WHO, miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akiyanywa wakati meno bado yanajijenga, yanatoka na madoa ya kahawia. Unajua wale mabeshte wanacheka wakiwa wamefunika mdomo na mkono. Cha muhimu ni hiki: enameli yenye floraidi nyingi inastahimili asidi zaidi. Mara nyingi inahitaji kusuguliwa kidogo au kukaa na asidi muda mrefu kuliko kawaida. Mtu akikufanyia kama mgonjwa yeyote wa kitabuni, gundi inaweza kushika nusu nusu.

Na hao mabeshte ndio wanawindwa na matangazo ya vinia za bei rahisi. Vinia inategemea gundi karibu kwa kila kitu. Mtu anayekubandikia kwa saluni, hana maji ya kuoshea wala mrija wa kunyonya mate, anakuuzia tabasamu ya wikendi. Na akichimba enameli yako, hiyo hairudi.

Najua jibu: foleni ni ndefu na daktari ni mmoja. Kweli, na hao watu wanachoka. Lakini jino likirudi limetoka, foleni imeongezeka mtu mmoja, na huyo mtu amelipa nauli mara mbili na kupoteza siku mbili za shamba. Akichoka, anasema ling'olewe tu. Hivyo ndivyo jino lililokuwa linaokoka linaishia kwa ndoo.

Kwa hivyo uliza, kwa heshima: "Daktari, utasafisha vipi kabla ya kuziba? Hili doa langu la kahawia linabadilisha kitu?" Daktari mzuri atakueleza. Akikufokea, hilo pia ni jibu. Na kabla ukae kwa kiti, angalia kama ana leseni ya mwaka huu kutoka KMPDC.

Mimi niliacha chuo, siwezi kukuziba jino. Lakini swali halihitaji cheti. Tumia hii post yule beshte wako anayefunika mdomo akicheka, kabla mtu wa saluni ampate.