Alama Moja na Nusu Huishia Langoni
Tangu 1990, wasichana wanaoomba kujiunga na vyuo vikuu vya umma hapa Uganda huongezewa alama 1.5. Nia ilikuwa njema. Makerere ilipokea wanawake sita wa kwanza mwaka 1945, kabla ya hapo hata kaulimbiu yake ilihimiza, "Tuwe wanaume."

Lakini leo alama hizo zimegeuzwa fimbo. Msichana akikosea hesabu ubaoni, wenzake hunong'ona: "Huyo ni wa moja na nusu." Mvulana akikosea, amekosea peke yake. Msichana akikosea, wanawake wote wamekosea.

Mtasema ni utani tu. Utani huo una gharama. Mwaka 1999 Steven Spencer, Claude Steele na Diane Quinn walichapisha matokeo ya majaribio yao ya Marekani. Wanawake walioambiwa kuwa mtihani wa hisabati huonyesha tofauti za kijinsia walishindwa na wanaume. Walioambiwa kuwa hauonyeshi tofauti hizo walilingana nao. Mtihani ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni maneno.

Basi, ndugu wanafunzi, msituulize kwa nini hatunyooshi mikono. Jiulizeni kwa nini mnacheka. Nanyi wahadhiri wetu, mnaponyamaza darasa likicheka, mmecheka pamoja nalo.

Alama 1.5 huishia langoni. Ndani hakuna anayeongezewa kitu: maswali ni yale yale, saa ni zile zile. Ila sisi tunajibu huku tukichungwa.