Karatasi ya Mashimo Ikae Wapi?



Tangu niingie shule hii nimepelekwa mara tatu kulitazama lile jiwe la Mugere, la ukumbusho wa Livingstone na Stanley waliofika pale mwezi wa Novemba 1871, na mara zote tatu nimeandika insha juu yake. Sijuti, jiwe ni zuri, na ziwa laonekana vizuri kutoka pale. Lakini Karonge, iliyo milimani upande ule ule wa kusini, hakuna aliyetupeleka mpaka likizo iliyopita. Na hata hiyo likizo tulikwenda kwa sababu Bwana Mwalimu wa Jiografia alichoka kutufundisha kupima ardhi kwa kuzunguka kiwanja cha mpira.

Ninyi wanafunzi wa zamani wengi wenu mmepita Kabezi mkienda Rumonge bila kuinua macho. Katika milima ile kuna madini yaitwayo bastinaesiti, na jina hilo limetoka Bastnäs, machimbo ya kale huko Sweden. Huku kwetu yaligunduliwa mwaka 1936, wakati wa Wabelgiji. Uchimbaji ulianza 1948 ukaendelea hata 1978, na katika miaka hiyo 30 zilitoka tani zipatazo 5,000. Ni jiwe zito kuliko umbo lake, lenye rangi ya asali iliyoganda. Ndani yake mna seri, lanthani na neodimi. Hiyo neodimi ndiyo itumiwayo kutengeneza sumaku kali za motokaa za umeme na za mitambo ya upepo. Mwisho wa 2017 kampuni iliyoandikishwa katika soko la hisa la London ilianza kuyapeleka nje, na mwaka 2021 Serikali ikaisimamisha. Hayo yamesemwa sana. Mimi nataka kusema juu ya mashimo ya kale, ambayo sasa hayana mwenyewe.

Tulikuwa wavulana tisa. Vyombo vyetu vilikuwa kamba ya mita 20 yenye fundo kila mita moja, dira, jiwe lililofungwa uzi kwa kupima kina, na simu ya Bwana Mwalimu ya kutuonyesha mahali, nayo iliishiwa umeme siku ya kwanza saa nane mchana. Mishipa ya madini yale ni myembamba, basi wachimbaji wa zamani waliifuata kama mtu afuatavyo njia ya siafu: hapa mtaro, pale shimo, mbele kidogo mlango wa handaki ulioanguka nusu. Kuupima mtaro ni kazi nyepesi. Kazi ni kujua ulipo, maana majani yamefunika kila kitu, na watu wamelima mihogo mpaka ukingoni.

Siku ya pili mwenzetu mmoja, aliyeshika ncha ya kamba akirudi kinyumenyume, alitoweka. Tuliona kamba imevutwa kwa nguvu, kisha mikono miwili juu ya majani. Shimo lile halikuwamo katika hesabu yetu. Mizizi ilimzuia, tukamtoa kwa kamba ile ile ya kupimia, naye alichubuka mgongo tu. Tuliposhusha jiwe letu lilikwenda mita 7. Tangu hapo hakuna aliyetania tena.

Aliyetuonyesha mengi ya yaliyobaki ni mzee wa mlima ule, ambaye katika ujana wake alibeba mawe hapo. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, na Kirundi changu kina vumbi la mjini. Mzee alicheka kila nilipofungua kinywa, lakini alinijibu.

"Wajukuu zangu, mnapima ili mchimbe?"

"La, mzee. Tunapima ili tuandike."

"Na karatasi mtaipeleka wapi? Wale waliokuja zamani nao walipima, nao waliandika."

Sikuwa na jibu. Nilivyosoma baadaye, ramani nyingi na vipande vya mawe vya nchi yetu vya wakati wa ukoloni vimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Vimetunzwa vizuri, sisemi hapana. Lakini mbuzi wa mlima ule haulizi Tervuren kabla ya kutumbukia, wala mtoto anayemfuata.

Tuliporudi, katika mjadala wa Jumamosi, mwenzangu wa darasa la mwisho alinipinga kwa maneno mawili. La kwanza, kwamba madini ni mali ya Serikali, basi mashimo nayo yaiachiwe Serikali. Hilo si zito; jirani haachi kisima wazi akingoja Serikali. La pili ni zito: alisema tukiandika mahali pa mashimo tutakuwa tumewaita wachimbaji wa usiku. Nakiri kwamba tulipokuwa tukishuka vijana wawili walitaka kununua daftari letu, na bei waliyoitaja ilimfanya mmoja wetu anyamaze kidogo.

Hata hivyo bado nashika neno langu. Wachimbaji wa usiku wanaijua mishipa ile kuliko sisi. Asiyejua ni mtoto atafutaye kuni, na bibi arusi aliyeolewa mlimani mwaka jana. Basi tuandike upana, kina, na shamba ambamo shimo limo, wala tusiandike ni jiwe gani tuliloliona. Nakala ya kwanza apewe mkuu wa mlima, kwa Kirundi, ya pili iwekwe komini, ya tatu ibaki hapa shuleni. Nasi tupande minyaa kuzunguka kila shimo lililo karibu na njia. Vijiti tutavikata bure, na jasho ni letu.

Wenzetu wa zamani, baadhi yenu baba zenu au babu zenu walifanya kazi Karonge kabla ya 1978. Waulizeni. Daftari liko maktabani, katika rafu ya Jiografia, na kalamu imefungwa kwa uzi. Sisi tumeandika mashimo 23. Mzee asema yapita 40, ila mguu wake hautaki tena kupanda upande wa pili wa bonde. Tutarudi kwake likizo ya Pasaka, na safari hii tutachukua kamba mbili.