Wahesabieni watoto mirusho

Mtoto wa miaka 12 anayecheza beisiboli akifikisha mirusho 85 katika siku moja, kazi yake ya siku hiyo imekwisha. Atolewe, hata kama timu yake inaongoza na mwenyewe anaapa kwamba hajachoka. Huo ndio ukomo uliowekwa Marekani kwa watoto wa umri huo, na sisi tunauunga mkono bila kusita. Kinachotusikitisha ni kwamba hadi leo, huko huko ulikotungwa, wapo makocha na wazazi wanaouchukulia kama ushauri wa hiari.

Kwa wasioufahamu mchezo huu, mrushaji ndiye anayeanzisha kila kitu. Husimama kwenye tuta dogo la udongo katikati ya uwanja na kumrushia mpigaji mpira, mmoja baada ya mwingine, kwa nguvu zake zote. Wenzake wanaweza kukaa dakika kadhaa bila kuugusa mpira. Yeye hana nafasi hiyo. Mkono wake unarudi nyuma ya kichwa mpaka kiganja kinatazama juu, halafu unafyatuka mbele. Katika sehemu hiyo ndogo ya sekunde, upande wa ndani wa kiwiko unavutwa kama unaotaka kufunguka. Kinachouzuia ni ligamenti, ugwe mfupi na mgumu unaofunga mfupa wa juu wa mkono na mfupa wa kigasha. Ugwe huo ukivutwa mno, tena na tena bila kupumzishwa, huchanika.

Kwa mtoto hatari inazidi, maana mifupa yake haijakomaa. Karibu na ncha za mifupa hiyo kuna gegedu ambalo ndilo linaloufanya mfupa urefuke, na gegedu hilo ni dhaifu kuliko ligamenti yenyewe. Mvuto ambao kwa mtu mzima ungeichana ligamenti, kwa mtoto huishia kwenye gegedu. Linauma, linavimba, na mara nyingine kipande cha mfupa hubanduka. Madaktari wa Marekani wanayaita maumivu hayo kiwiko cha ligi ya watoto, na lipo pia bega la ligi ya watoto. Ugonjwa kupewa jina la ligi ya watoto ni aibu ya watu wazima.

Tarehe 25 Septemba 1974, Dk. Frank Jobe alimpasua kiwiko Tommy John, mrushaji wa Los Angeles Dodgers. Alichukua kano kutoka kigasha cha mkono wa kulia akaipachika kwenye kiwiko cha kushoto, mahali pa ligamenti iliyoharibika. John alirudi uwanjani mwaka 1976 na akaendelea kurusha hadi 1989, akiwa na umri wa miaka 46. Ulikuwa ushindi mkubwa wa tiba, na upasuaji huo unaitwa kwa jina lake hadi leo. Ulibuniwa kwa ajili ya mwanamume aliyekuwa amerusha miaka mingi, na kurusha ndiyo iliyokuwa kazi yake. Lakini uchunguzi wa kumbukumbu za bima nchini Marekani za mwaka 2007 hadi 2011 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya waliofanyiwa upasuaji huo walikuwa vijana wa miaka 15 hadi 19. Hawa hawajapata mshahara hata wa siku moja kwa kurusha mpira, na tayari viwiko vyao vimeshonwa.

Wapo wazazi na wachezaji wanaoamini kwamba upasuaji huo humwongezea kijana nguvu ya kurusha. Si kweli. Unajaribu kurudisha kilichoharibika. Kupona huchukua mwaka mzima na mara nyingi zaidi ya hapo, na wapo wasiorudi walivyokuwa.

Chanzo cha balaa hili kinajulikana. Watafiti wa Birmingham, Alabama, waliwafuatilia warushaji 481 wenye umri wa miaka 9 hadi 14 kwa muda wa miaka 10. Waliorusha zaidi ya iningi (awamu za mchezo) 100 katika mwaka mmoja walikuwa na uwezekano wa kuumia vibaya mara 3.5 zaidi ya wenzao. Utafiti mwingine wa watafiti hao hao, uliochapishwa mwaka 2006, uliwalinganisha vijana waliopasuliwa na wenzao wasioumia. Waliokuwa wakirusha zaidi ya miezi 8 kwa mwaka walikuwa na uwezekano wa kupasuliwa mara 5 zaidi. Waliokuwa na mazoea ya kuendelea kurusha mkono ukiwa umechoka, uwezekano wao ulikuwa mara 36 zaidi. Wazazi hubishana sana kuhusu aina ya mrusho, hasa ule wa mpira unaopinda hewani. Wangeanza kwa kuangalia uchovu.

Na uchovu unaonekana kwa macho, kwa anayetaka kuuona. Mtoto aliyekuwa akiulenga mkono wa mdakaji, yule anayeupokea mpira nyuma ya mpigaji, anaanza kurusha juu juu. Kiwiko kinashuka chini ya usawa wa bega. Anautikisa mkono kati ya mrusho na mrusho, anachelewa kurudi kwenye tuta, anavuta pumzi ndefu kabla ya kujipanga. Kesho yake hawezi kuunyoosha mkono sawasawa akila. Kocha anayemwona mtoto katika hali hiyo na kumwambia akaze, anamwumiza kwa makusudi.

Mwezi Novemba 2014, ligi kuu ya Marekani na chama cha beisiboli cha nchi hiyo walitoa mwongozo uitwao Pitch Smart. Hauhitaji elimu ya udaktari. Mtoto wa miaka 9 au 10 asizidishe mirusho 75 kwa siku. Wa miaka 11 na 12 asizidishe 85, wa 13 hadi 16 asizidishe 95, na wa 17 na 18 asizidishe 105. Baada ya hapo apumzike kulingana na kazi aliyoifanya: mtoto wa miaka 14 kushuka chini akirusha mara 66 au zaidi, hagusi tuta kwa siku 4. Kila mwaka mrushaji akae walau miezi 4 bila kurusha kwenye mchezo. Na akimaliza kurusha asipelekwe kuwa mdakaji siku hiyo hiyo, kwa sababu mdakaji naye hurudisha mpira kila mara na mkono unakuwa haujapumzika.

Kwa nini basi watoto wanaendelea kuumia? Kwanza, mtoto mmoja huchezea timu mbili au tatu. Jumamosi yuko na timu ya shule, Jumapili na timu ya kusafiri, katikati ya wiki yuko kwa mwalimu wa kulipwa. Kila kocha anahesabu mirusho yake, hakuna anayejumlisha. Pili, beisiboli iliyokuwa mchezo wa msimu imekuwa ya mwaka mzima. John Smoltz, mrushaji wa kwanza aliyepitia upasuaji wa Tommy John kuingizwa kwenye jumba la heshima la mchezo huo, aliitumia hotuba yake ya Julai 2015 kuwasihi wazazi wasiwachezeshe watoto mwaka mzima. Tatu, kasi imegeuzwa bei. Mwaka 2008 mpira wa kasi wa warushaji wa ligi kuu ulikuwa na wastani wa kilomita 147 kwa saa. Mwaka 2024 ulikaribia 152. Watoto wanaliona hilo, na wasaka vipaji wanawaelekezea mashine za kupima kasi. Kila mrusho unakuwa mtihani, na hakuna mtoto anayejizuia kwenye mtihani.

Japani nayo ina somo lake. Mashindano ya shule za sekondari katika uwanja wa Koshien yanapendwa na taifa zima, na kwa miaka mingi sifa kubwa ilikuwa kwa kijana aliyerusha mpaka mwisho. Mwaka 1998 Daisuke Matsuzaka alirusha mara 250 katika mchezo mmoja wa robo fainali uliokwenda iningi 17, siku moja baada ya kurusha mara 148. Mwaka 2013 Tomohiro Anraku, akiwa na miaka 16, alirusha mara 772 katika siku 9. Watu walishangilia na wengine walitoa machozi kwa ushujaa wao. Kuanzia mwaka 2020 shirikisho la shule za sekondari liliweka ukomo wa mirusho 500 kwa wiki moja. Ni hatua, lakini bado ni kubwa mno: kijana wa miaka 17 akifuata mwongozo wa Marekani kwa kawaida hafikii hata nusu ya idadi hiyo.

Kocha tunayempa heshima zote ni yule wa shule ya Ofunato, mkoa wa Iwate. Julai 2019 alikuwa na Roki Sasaki, kijana aliyekwisha kurusha mpira wa kilomita 163 kwa saa. Siku 4 kabla ya fainali ya mkoa Sasaki alirusha mara 194. Siku moja kabla ya fainali alirusha mara 129. Kushinda fainali ilikuwa ndiyo tiketi ya Koshien. Kocha akamwacha kwenye benchi. Ofunato ilifungwa 12 kwa 2, na simu za lawama zikamiminika shuleni. Tarehe 10 Aprili 2022 Sasaki, akiwa na miaka 20, aliichezea Chiba Lotte Marines mchezo ambao hakuna mpigaji hata mmoja wa wapinzani aliyefika kituo cha kwanza. Leo yuko na Los Angeles Dodgers. Hatusemi kwamba kupumzishwa kulimkinga na kila kitu. Mwaka 2025 bega lilimweka nje kwa miezi kadhaa. Tunasema kocha alifanya wajibu wake siku ambayo kila mtu alitaka afanye kinyume.

Zipo hoja za upande wa pili. Ya kwanza ni kwamba wazee walirusha bila kuhesabiwa na hawakuumia. Walioumia waliacha mchezo wakaenda nyumbani, na hakuna aliyeandika majina yao. Ya pili ni kwamba timu ndogo ina mrushaji mmoja tu. Basi kocha afundishe wengine watatu, hata kama atapoteza mechi chache akiwafundisha. Ya tatu ni kwamba mtoto mwenyewe anataka, na ukimtoa analia. Wahenga wameshajibu: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Mtoto wa miaka 11 hajui kiwiko kitakuwaje akifika 18. Anajua tu kwamba watu wanamtazama. Ndiyo maana kuna mtu mzima pembeni ya uwanja.

Jambo hili linatuhusu hata sisi huku Afrika Mashariki. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za ligi ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania, na wakaifunga timu ya Oregon. Walicheza chini ya kanuni ya kuhesabu mirusho, ambayo ligi hiyo ilianza kuitumia mwaka 2007. Mwaka 2018 uwanja wa beisiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani ulifunguliwa katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, ukapewa jina la Koshien. Vijana wa Uganda wameanza kusaini mikataba na klabu za Marekani. Mchezo bado ni mchanga kwetu, na hilo ni bahati, kwa sababu kanuni tunaweza kuipanda pamoja nao kabla mazoea mabaya hayajaota mizizi. Hatuna sababu ya kulichukua jina la Koshien pamoja na makosa yake ya zamani.

Tena sisi hatuna pa kuegemea. Kijana wa Marekani akichanika ligamenti, mara nyingi ana bima na daktari bingwa, na mwaka mzima wa mazoezi ya viungo chini ya mtaalamu. Mtoto wetu wa shule ya serikali akiumia kiwiko atapakwa dawa ya kuchua na kuambiwa apumzike kidogo. Mkono huo huo ndio wa kuandikia na wa kushikia jembe, na kesho ndio utakaomtafutia riziki.

Tunachokiomba hakina gharama kubwa. Kila timu ya watoto iwe na daftari na mtu mmoja asiye na kazi nyingine wakati wa mchezo ila kuandika mirusho. Daftari limfuate mtoto, si timu, ili kocha wa Jumapili ajue kilichofanyika Jumamosi. Waamuzi wapewe mamlaka ya kumtoa mrushaji aliyefika ukomo bila kumwomba kocha ruhusa. Vyama vya beisiboli vya Tanzania, Kenya na Uganda viandike ukomo huo kwenye kanuni za mashindano ya shule, pamoja na adhabu: timu iliyouvuka ipoteze mchezo. Kanuni isiyo na adhabu haimlindi mtoto.

Mzazi nawe usisubiri chama. Muulize mwanao leo amerusha mara ngapi. Kama hajui na kocha hajui, mwondoe kwenye tuta mpaka atakapopatikana anayejua.