Mwenye kuuza vepu aangalie betri kabla ya bei

Sigara za kielektroniki, ambazo vijana huziita vepu, siku hizi zinauzwa mijini pamoja na chaja na spika ndogo. Kwa mfanyabiashara wa mpakani zinavutia: ni nyepesi, hazichukui nafasi na hazina msimu. Lakini ni bidhaa inayoweza kummaliza mtu mtaji kwa siku moja, ama kwa sheria ama kwa moto.

Sheria ndiyo ya kwanza. Kenya inaziruhusu na kuzitoza ushuru wa bidhaa. Uganda, kwa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015, imepiga marufuku kuziingiza na kuziuza. Kwa hiyo katoni iliyolipiwa kila kitu Nairobi hugeuka magendo ikivuka Busia au Malaba. Cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kinachowafaa wenye mizigo isiyozidi dola 2,000, hakiokoi kitu hapa. Hicho ni cha bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya, na vifaa hivi kwa sehemu kubwa hutengenezwa China.

Pale vinaporuhusiwa, swali ni kifaa gani kiuzwe. Wavutaji wazoefu hupenda kile chenye chupa laini tumboni: mtu akiibonyeza, kimiminika hupanda hadi kwenye koili. Ni kizuri kwa msafiri, kwani hakijazwi kila saa. Tatizo ni kwamba kuna cha aina mbili, na kwa macho hufanana.

Cha bei ya chini mara nyingi hakina saketi ya ulinzi. Betri hugusana na koili moja kwa moja. Betri iliyojaa ina volti 4.2; ikiwekewa koili ya omu 0.15, umeme unaopita ni ampea 28, na betri nyingi za kawaida haziwezi kuhimili hizo. Hapo ndipo joto hupanda na betri kulipuka, pengine ikiwa mkononi au mfukoni. Kifaa chenye saketi hupima koili, hugoma kukiwa na shoti na hujizima betri inapoisha. Hicho ndicho cha kununua, hata kama faida yake kwa kipande ni ndogo.

Mnunuzi akague pia chupa, kwani inayovuja hulowesha betri. Atazame kama kitufe kinafungika na kama kuna matundu ya kutolea hewa. Betri zenye ganda lililochanika zisiuzwe kabisa, na za akiba zisafirishwe kwenye vikasha vyake, si ndani ya mfuko wenye funguo na sarafu. Anayerudi na mzigo kwa ndege akumbuke kwamba betri za akiba hukaa kwenye mkoba wa mkononi.

Wapo watakaosema mteja anataka rahisi. Ni kweli, lakini mteja aliyeungua harudi. Na kifaa salama hakiifanyi nikotini kuwa salama: inalevya, na kimiminika chake ni sumu kwa mtoto akikinywa.

Nchi wanachama nazo zina deni. Soko la Pamoja lilianza Julai 2010, lakini hadi leo mama wa Busia analazimika kubahatisha sheria ya ng'ambo ya barabara. Orodha moja ya bidhaa zilizopigwa marufuku katika kila nchi, iliyoandikwa kwa Kiswahili na kubandikwa kwenye kila kituo cha mpakani, ingeokoa mitaji mingi. Mpaka hilo lifanyike, mwenye mzigo aulize forodha kabla hajalipa.