Virusi sugu: Mfanyabiashara wa Miburani asilipe mara nne kazi ya mara moja

Mtaji wa mfanyabiashara mdogo wa Miburani, wilayani Mafia, haupo tena katika nazi, korosho, pweza na fedha taslimu peke yake. Sehemu yake imo ndani ya kompyuta kuukuu iliyowekwa sebuleni, ambayo mchana hutunza hesabu za ununuzi na jioni hutumiwa na watoto kutazama filamu zinazoletwa kwa flashi. Kompyuta hiyo inapoingiwa na virusi visivyotaka kuondoka, hasara inayofuata ni ya kibiashara, na yafaa ipimwe kwa hesabu za kibiashara.

Desturi iliyozoeleka ni kumwita fundi, kumlipa, kisha kumwita tena baada ya wiki chache. Chukua mfano wa fundi anayelipwa shilingi 20,000 kwa kila safari. Akiitwa mara nne kwa mwaka, mwenye mali ametoa shilingi 80,000 na virusi bado vimo. Anayelazimika kuipeleka mashine Dar es Salaam huongeza nauli ya kuvuka hadi Nyamisati, nauli ya basi, na siku ambazo hesabu zimesimama. Utaratibu huo ni ghali na unapaswa kuachwa.

KWA NINI VINARUDI

Virusi hurudi kwa sababu zinazoeleweka. Kwanza, programu ya kuua virusi inapoendeshwa ndani ya Windows iliyokwisha kushikwa, inamuuliza mwizi kama ameiba. Virusi sugu hujiandikisha viamke kila mashine inapowashwa, na vingine huzima ulinzi kabla haujaanza kazi. Conficker, iliyozuka Novemba 2008, ilizuia kompyuta kufungua tovuti za kampuni za kuua virusi na pia kupokea marekebisho ya Windows. Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya tundu hilo tarehe 23 Oktoba 2008, kabla ya ugonjwa wenyewe kuenea. Walioumia ni wale ambao mashine zao hazikupata dawa hiyo kwa wakati.

Pili, kompyuta husafishwa lakini flashi hazisafishwi. Virusi vinavyojulikana sana mitaani huficha mafaili yaliyomo kwenye flashi na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yale yale. Anayebofya hufunguliwa faili lake, na papo hapo virusi huingia kwenye mashine. Wengi wakiona hivyo hudhani kazi yao imefutika, wakafomati flashi. Mara nyingi mafaili huwa yamefichwa tu, na kufomati ndiko kunakoyapoteza. Kabla ya kufomati chochote, fundi atakiwe kwanza kufichua mafaili yaliyofichwa na kuonyesha kilichopo.

Tatu, wapo virusi wa jamii ya Sality wanaojibandika kwenye kila programu wanayoikuta. Hapo kufuta faili moja moja ni sawa na kuchota maji ya mtumbwi bila kuziba tundu.

HESABU YA KUPIGA UPYA

Mafundi wanaotetea kusafisha wana hoja. Kusafisha ni haraka, hakugusi programu za mteja, na kwa virusi vyepesi hutosha. Hoja hiyo ikubaliwe mara moja, kwa sharti kwamba kazi ifanywe ipasavyo: mashine itolewe kwenye mtandao, kisha iwashwe kwa diski au flashi safi iliyotengenezwa kwenye kompyuta nyingine, ili virusi vikaguliwe vikiwa vimelala. Vikirudi baada ya hapo, muda wa kusafisha umekwisha. Kinachobaki ni kile ambacho mafundi wenyewe hukiita kupiga Windows: kufuta diski yote na kuanza upya.

Kazi hiyo ina mpangilio ambao mwenye mali anapaswa kuusimamia. Nyaraka, picha na majedwali ya hesabu hunakiliwa kwanza kwenye diski ya pembeni. Programu hazinakiliwi kamwe, kwa kuwa ndizo zinazobeba ugonjwa. Diski hufutwa yote. Programu hupatikana upya kutoka kwa watengenezaji wenyewe. Flashi zote za nyumbani hukaguliwa, na nyaraka hukaguliwa pia kabla ya kurudishwa. Mwisho, nywila za barua pepe na za benki hubadilishwa kwa kutumia kifaa kingine kilicho safi, kwa sababu virusi vingi huiba maneno ya siri kimya kimya.

Jambo moja huharibu kazi yote hii: kuweka Windows ya bure iliyovunjwa kufuli. Kopi za namna hiyo, pamoja na vifaa vya kuvunjia kufuli, ni njia inayojulikana ya kupitishia virusi. Anayelipa fundi aondoe virusi kisha akakubali kopi hiyo huenda amenunua tatizo lile lile kwa mara ya pili.

Umri wa mashine nao una bei yake. Msaada wa Windows XP ulikoma tarehe 8 Aprili 2014, wa Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai kumbukumbu ya gigabaiti 4 na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho kompyuta nyingi kuukuu hazina. Mfano wa WannaCry ungali mbichi. Tarehe 12 Mei 2017 virusi hivyo vilifunga mafaili katika nchi zaidi ya 150 na kudai dola 300 kwa kila mashine, ilhali marekebisho kwa matoleo yaliyokuwa bado yakihudumiwa yalitolewa Machi mwaka huo.

Kwa mwenye mashine isiyopokea marekebisho tena, yapo mambo mawili ya busara. La kwanza ni kuweka mfumo wa Linux, ambao haulipiwi. Linux Mint ya aina ya Xfce huendeshwa na mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2, ingawa 4 ni bora zaidi. Kwa majedwali ya hesabu, barua na barua pepe inatosha. La pili ni kuitenga mashine na intaneti na kuifanya daftari tu. Kununua kompyuta nyingine iliyotumika bila kujua inakubali mfumo gani ni kubahatisha.

KILICHO HATARINI

Thamani ya kompyuta kuukuu sokoni ni ndogo. Thamani ya kilichomo ni kubwa. Mnunuzi wa pweza aliyewatangulizia wavuvi fedha, akipoteza orodha ya nani anadaiwa nini, hawezi kudai bila ugomvi, na wavuvi waaminifu hawawezi kuthibitisha kwamba wamekwisha kulipa. Ofisi ya kodi nayo haipokei virusi kuwa udhuru: Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano.

Kwa hiyo gharama ya kwanza kabisa inapaswa kuwa ya nakala ya akiba. Diski moja ya pembeni, inayochomekwa jioni ya Jumamosi, ikanakiliwa hesabu za wiki, kisha ikachomolewa na kufungiwa kabatini, ni bima rahisi kuliko zote. Diski inayoachwa imechomekwa siku zote hushikwa pamoja na mashine. Na daftari la karatasi la madeni lisitupwe. Halijawahi kushikwa na virusi.

Wenye fedha za kukopesha au za kuingia ubia, vikiwemo vikundi vya kuweka na kukopa, nao waanze kuuliza maswali matatu kabla ya kutoa shilingi: hesabu za biashara zimetunzwa wapi, nakala ya mwisho ilichukuliwa lini, na je, watoto wanatazama filamu kwenye mashine hiyo hiyo? Asiye na jibu la maswali hayo anaomba mkopo kwa dhamana ambayo flashi moja inaweza kuifuta.